Mjomba Anayeijua Asia

Dionisia alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, Dar es Salaam, akisoma Taaluma za Asia. Kijijini kwao Lionja hakuna aliyejua masomo hayo humpeleka mtu kwenye kazi gani. Likizo ya mwaka huo alirudi nyumbani na fomu ya kwenda kusoma mwaka mmoja Hanoi, Vietnam. Ilibaki sahihi ya mzazi tu.

Baba yake, mzee Agapiti, aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Twende Ruangwa kwanza, kwa mjomba wako. Yeye Asia anaijua."

Dionisia nusura acheke. Mjomba Gaudens alikwenda China mara moja, siku nane, kutafuta vioo vya simu, na siku tano kati ya hizo aliumwa tumbo hotelini. Tangu arudi, hapakuwa na harusi wala msiba ambako hakutia "kule kwa Wachina." Duka lake karibu na stendi aliliita Guangzhou, na ubaoni akalikosea jina hilo herufi mbili. Lakini alikuwa kaka wa mama, na kwao neno la mjomba lina uzito.

Dukani, Gaudens aliishika fomu kwa ncha za vidole.

"Vietnam. Hiyo iko mkoa gani wa China?"

"Ni nchi, mjomba."

"Umefika?"

"Bado."

"Basi nyamaza." Akamgeukia mzee Agapiti. "Shemeji, kule ni vita. Watu wanalala kwenye mahandaki."

"Vita iliisha mama hajaanza shule," Dionisia alisema. "Mjomba, hebu tusalimie kwa Kichina."

Gaudens alikohoa. Kichina, alieleza, hakisemwi ovyo. Kinategemea unaongea na nani. Dionisia mwenyewe akamsalimia kwa Kichina, pole pole, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Mteja mmoja aliangua kicheko.

"Hiyo ni lafudhi ya darasani," Gaudens alisema.

Dionisia alimtazama baba yake. Mzee alikuwa ameinama, kofia mkononi. Dionisia akamdharau na yeye. Mtu mzima kuburuzwa na muuza vioo!

"Shemeji, una kalamu?" mzee Agapiti aliuliza.

Gaudens alimpa haraka, akitabasamu. Mzee aliitandaza fomu juu ya kaunta, akatia sahihi, herufi moja moja.

"Korosho zetu zinakwenda Vietnam," alisema. "Kila msimu mnadani nasikia wanunuzi wa huko. Zinaondoka na maganda yake, wanabangua wao. Sijaona mtu wa Lionja aliyekwenda kuangalia. Aende huyu."

"Sasa mmekuja kuniuliza nini?"

"Tumekuja ili usije kusema hukuulizwa."

Njiani kurudi, Dionisia alimgeukia baba yake.

"Baba, nisamehe."

"Kwa lipi?"

Dionisia akaitoa fomu, akaitazama tena ile sahihi.

Barua ya kukubaliwa ilikuja mwezi wa sita. Mwezi wa nane alipanda basi la Dar es Salaam pale Ruangwa. Mama yake, Lusiana, alilia waziwazi. Baba alimpa karatasi yenye maswali kumi na moja kuhusu ubanguaji, akamwambia ajibu moja moja, asiyachanganye. Mjomba, hatua ishirini kutoka hapo, alituma ujumbe kwamba hawezi kutoka, ana wateja wengi. Kupitia dirisha la basi Dionisia alimwona amekaa peke yake dukani, anajipepea na kipande cha boksi.