Mistari Chini ya Kucha

Msusi alikuwa na soriasisi, ugonjwa wa ngozi, tangu utotoni. Mabaka ya viwikoni na magamba ya nyuma ya masikio alikwisha kuyazoea. Kucha ndizo zilizomkera: zilikuwa na vitundu vidogo vidogo, kama zimedungwa sindano, na wateja walizikodolea macho. Akawa anazificha kwa rangi nzito.

Jumapili moja alikuwa anafuta rangi hiyo jikoni kwa dada yake, muuguzi wa wodi ya wazee. Ghafla dada akamshika mkono, akamvuta hadi dirishani.

"Hii mistari imeanza lini?"

Chini ya kucha mbili palikuwa na mistari myembamba, myekundu iliyokolea hadi kuelekea weusi, kama vibanzi vilivyoingia ndani.

"Sijui, si huwa napaka rangi? Kwani vipi?"

"Aa, hamna kitu. Ila kesho twende hospitali."

Msusi akamkaba kwa maswali mpaka dada akatapika yote: mama yao alikuwa na mistari kama hiyo wiki ile ugonjwa wa moyo ulipomuua.

Kesho yake, kwenye foleni, moyo ulimdunda hadi kooni, na kila ulivyodunda ndivyo alivyozidi kuamini kuwa umeharibika.

Daktari wa ngozi akamsikiliza kifua, akamuuliza kuhusu homa. Hakuwa nayo. Kisha akadondosha mafuta kwenye ngozi ya ukingo wa kucha, akainama na kioo cha kukuzia. Akakawia. Akarudia kidole kilekile.

"Daktari, niambie tu."

"Tulia, dada. Moyoni sioni tatizo. Vimishipa vya damu hapa vimepungua na kujipinda. Ni soriasisi hiyo. Vya chini ya kucha vikipasuka, damu huvuja kidogo, ikabaki mistari. Vidole hukakamaa asubuhi?"

"Kidogo."

"Hicho ndicho kinachonitia shaka. Ugonjwa huu ukishafika kwenye kucha, mara nyingine huingia kwenye viungo."

Akampa dawa, akaagiza vipimo vya damu na picha za mikono.

Nje, dada alisimama kabla hajaitwa.

"Si moyo," msusi akasema.

Dada akaangua kilio, watu wakageuka.

"Muuguzi mzima unalia hivyo!"

"Niache, mdogo wangu. Sikulala."

Msusi akacheka. Lakini njia nzima kuelekea chumba cha picha alikuwa akikunja vidole na kuvikunjua, akisikilizia kama vinauma.