Kibao cha Panga la Ukutani

Baba mdogo alimpigia simu binti mdogo wa kaka yake kama mtu anayeita zimamoto. Njoo upesi, dada yako ameletewa posa na Mmormoni.

Binti huyo kazi yake ilikuwa kuandika vibao vya makumbusho, yale maneno machache yanayokaa chini ya kila kitu kabatini: ni nini, kimetoka wapi, nani alikipata. Kitu kisichojibu maswali hayo kinarudi stoo, hata kiwe kimeletwa na waziri. Alikuwa na diploma ya historia na ulimi mkali, na ulimi ndio alioitiwa.

"Kivunje kile kitabu chake," baba mdogo alimnong'oneza mlangoni. "Nyumba hii haiozi binti kwa watu wa hadithi za kutunga."

Baba yao alishafariki, na dada mtu alikuwa amekataa katakata kuolewa kwa kutoroka. Bila neno la baba mdogo, hakuna ndoa. Dada alikaa pembeni ya mchumba wake, ameshika glasi tupu kwa mikono miwili. Mchumba alikuwa fundi wa meno ya bandia, shati jeupe pee, mpole mpaka anakera. Hata meno ambayo baba mdogo alikuwa akitafunia karanga jioni ile aliyatengeneza yeye.

"Haya shemeji mtarajiwa," mwandishi wa vibao alianza. "Kitabu chenu cha Mormoni, mnachokiweka sawa na Biblia, kinasema watu walitoka Yerusalemu, wakavuka bahari, wakajaza Amerika miji na vita. Ni kweli?"

"Ndiyo tunavyoamini."

"Wakawa na farasi na magari ya vita. Karne na karne kabla Wazungu hawajapeleka farasi kule. Mifupa yao iko wapi?"

"Wapo wanaosema labda neno farasi lilitumika kwa mnyama mwingine. Labda paa."

"Paa. Anavuta gari la vita."

Baba mdogo alicheka mpaka karanga ikampalia.

"Na panga za chuma? Majeshi yanachinjana mpaka yanakwisha, halafu ardhi haina hata ncha moja ya kuwaonyesha wachimbaji? Mimi nikipoteza sindano sebuleni, mtu ataikanyaga tu."

"Huenda bado hawajachimba pa kuchimba."

"Na yale mabamba ya dhahabu mnayosema kitabu kilitafsiriwa kutoka humo, yako wapi?"

"Malaika aliyachukua."

"Malaika wa namna hiyo tungemwajiri stoo. Kila kisichoonekana, kachukua."

"Mimi sikuingia dini hii kwa sababu ya farasi, shemeji," fundi alisema taratibu. "Niliomba, nikapata jibu."

"Maombi hayachimbi."

Dada mtu aliiweka glasi chini. Baba mdogo alikuwa amesimama tayari, uso unang'aa kama aliyeshinda kesi, akinyoosha kidole ukutani juu ya televisheni.

"Umeona, kijana? Sisi hatuna malaika wa kutubebea vitu. Chuma chetu kile pale. Babu wa babu yangu aliingia vitani na upanga ule miaka mia tatu iliyopita, peke yake, akalikimbiza jeshi zima. Mwanangu, hebu mwandikie kibao cha upanga ule, ajue historia ni kitu gani."

"Ndiyo, mdogo wangu," dada alisema, akimtazama machoni. "Mwandikie."

Mwandishi wa vibao angeweza kusema ataandika kesho. Tangu utotoni alikuwa akipita chini ya chuma kile, na tangu apate kazi makumbusho alikuwa akipita bila kukitazama, akijua kwa nini. Alivuta stuli, akakitundua, akafuta kutu kwa ncha ya kitenge chake. Karibu na mpini palikuwa na muhuri wa jogoo na maandishi madogo.

"Soma basi," baba mdogo alisema.

"Panga la kukatia nyasi," alisoma polepole. "Kiwanda cha zana za kilimo. Na namba ya simu ya kiwanda hii hapa. Tukitaka kumuuliza babu, tupige."

Fundi aliangalia viatu vyake, na huruma yake ilimuudhi mwandishi wa vibao kuliko yote.

"Labda mpini ndio wa kale," baba mdogo alisema.

"Sasa umeshamleta paa wako, baba mdogo."

Baba mdogo aliketi. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Umeudhalilisha ukoo mbele ya mgeni."

"Wewe ndiye uliyeniambia nyumba hii haiozi kwa watu wa hadithi za kutunga. Kwa kipimo hicho na sisi hatufai. Kwa hiyo ama uwape ruhusa, ama nilipeleke panga hili stoo ya makumbusho na kibao chake."

Baba mdogo alichukua karanga nyingine, akaitafuna. Katika kila kilichodaiwa jioni ile, yale meno ya bandia ndiyo pekee yaliyojulikana yametoka kwa nani.

"Waoane," alisema mwishowe. "Lakini wewe utaniomba radhi."

"Na sisi pia utatuomba," dada aliongeza. "Umemkejeli mume wangu mtarajiwa usoni kwake."

Mwandishi wa vibao alilirudisha panga ukutani, safari hii jogoo akitazama watu.

"Kitabu chako si historia, shemeji. Na panga lako, baba mdogo, ni la nyasi. Harusini nitakuja na zawadi. Radhi siombi."