Barua ya Nyuki wa Ipole

Kila Jumapili, kabla kengele ya ibada ya saa moja haijagongwa, Nyamizi huwa ameshawasha mkaa nyuma ya kanisa, ameshabandika masufuria mawili ya maji na kusuuza vikombe sabini na viwili. Akimaliza hujifuta mikono kwenye khanga, akaingia kwa mlango wa ubavuni na kuketi kwenye benchi la mwisho, lile lililoandikwa WAGENI kwa rangi ya buluu. Baada ya matangazo, katibu wa parishi, Mzee Wilbroad, huwaomba wageni wasimame, wataje majina yao na wanakotoka, ili wapigiwe makofi matatu ya kuwakaribisha. Nyamizi husimama. Alikuwa amesimama hivyo kwa miaka kumi na moja.

Si kwamba hawakumjua. Loo! Parishi nzima ya Mtakatifu Fibi, pale Tabora mjini, ilimjua, na yeye aliwajua: nani hatumii sukari, nani anaomba tangawizi halafu anaiacha chini ya kikombe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye jembe alipewa siku ileile ya kwanza. Lakini utaratibu ni utaratibu. Muumini anayehamia sharti alete barua ya kanisa alikotoka, ndipo jina lake liandikwe kitabuni na apangiwe jumuiya.

Nyamizi alitoka Ipole, na huko Ipole mchwa walikula kitabu cha kipaimara. Walikula mwaka wake tu, ukurasa kwa ukurasa, wakauacha mwaka uliofuata ukiwa safi kabisa. Katekista wa sasa alikuwa kijana, hakumkuta Nyamizi pale, kwa hiyo alimwandikia kwa adabu kwamba hawezi kumshuhudia mtu asiyemwona kitabuni. Nyamizi akaipeleka barua hiyo. Mzee Wilbroad aliisoma mara mbili, akasema ni barua nzuri, ina mhuri na mwandiko wa kupendeza, ila haisemi inachotakiwa kusema.

Wilbroad hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa faili. Alipenda kuwakumbusha watu kwamba hata Fibi mwenyewe, kwenye Maandiko, alikuja na barua, na kwamba Tabora imepokea wageni tangu enzi za misafara, wapagazi kwa maelfu, na hakuna aliyelala nje. Hilo la wapagazi alilisema kila mwaka siku ya mavuno, na watu walipiga makofi.

Mwaka wa tisa malaria ilimlaza Nyamizi wiki mbili. Hakuna aliyekuja kumjulia hali, maana wagonjwa hutembelewa na jumuiya, na yeye hakuwa na jumuiya. Watu waliulizana tu chai imekwenda wapi. Ilimuuma, tena sana. Alilia, akapona, akarudi kwenye masufuria yake, lakini tangu hapo alikuwa na shida moja tu duniani: jina lake liwe kitabuni, ili akiugua apate wa kumgongea mlango, na akifa apate wa kumwimbia.

Jumapili ya pili ya Agosti, wakati wa wimbo wa pili, nyuki waliingia kanisani. Lilikuwa bumba zima, kubwa kama gunia la mahindi, na lilipita mlango mkubwa wa mbele kama watu wengine. Waliketi kwenye benchi la wageni. Nyamizi alijisogeza kidogo kuwapisha.

Wageni walipoombwa kusimama, nyuki waliinuka futi moja juu ya benchi, wakatulia hapo hewani. Nyamizi naye akasimama. Yakapigwa makofi matatu. Kisha nyuki wakamkabidhi Mzee Wilbroad barua iliyofungwa kwa nta. Katekista wa Ipole alikuwa ameandika kwamba waleta barua hii wamekaa kwenye dari la kanisa tangu lilipoezekwa bati, hawajakosa ibada hata moja, hawana ugomvi na mtu asiyewachokoza, na wanahamia mjini kwa kuwa dari linabomolewa. Aliwashuhudia kwa kuwa amewaona kwa macho yake mwenyewe.

Wilbroad alifurahi. Si kila siku mtu huletewa barua iliyokamilika namna ile. Aliwaandika papo hapo, na kwenye nafasi ya idadi ya watu akajaza "wengi".

Kufikia mwisho wa mwezi walikuwa wamepangiwa jumuiya ya Isevya na kuingizwa kwaya, upande wa besi, ambako wanaume walikuwa wachache kila msimu wa tumbaku. Mwalimu wa kwaya, Mama Adelina, aliwaamkia "mwangaluka" kila walipofika mazoezini, akawakataza waimbaji wengine kujipulizia manukato kwa kuwa yanawakera wenzao. Nyuki nao walitoa walichonacho. Asali ilianza kuonekana kwenye chai, na watu wakasema parishi yetu, jamani, inajua kupokea.

Septemba jirani mmoja alichoma majani makavu, na moshi ukawalaza nyuki. Wiki hiyohiyo jumuiya ya Isevya ilikwenda kuwajulia hali kwenye mnara wa kengele, walikofanya makazi, kwa nyimbo na maombi na chupa ya maji ya sukari. Maji aliyachemsha Nyamizi, na chupa akaibeba yeye. Ila alibaki nje, kwa kuwa kikao kilikuwa cha wanajumuiya. Mama Adelina alimletea kigoda asichoke kusimama.

Jumapili iliyofuata nyuki walikuwa wazima. Katikati ya somo la kwanza waliondoka kwenye benchi la besi, wakaruka hadi nyuma, wakamtulia Nyamizi mabegani, kichwani na mikononi. Hakuna aliyemuuma. Msomaji alinyamaza. Kasisi Zablon, ambaye baba yake alining'iniza mizinga maisha yake yote huko Sikonge, alisema kwa kipaza sauti kwamba nyuki hawamtulii hivyo mtu wasiyemjua. Ndipo nyuki wakaanza kuvumisha wimbo ulioimbwa Ipole siku Nyamizi alipowekewa mikono na askofu. Walikuwa darini siku ile. Nyamizi akaupokea kwa sauti ya pili, taratibu, na kifua chake kikajaa furaha. Akina mama wakapiga vigelegele. Kila mtu alielewa kwamba ushahidi umetolewa.

Baraza la parishi lilikutana Jumanne. Kasisi alitaka aandikwe siku hiyohiyo. Mzee Wilbroad alifungua katiba, akawaonyesha kwamba shahidi sharti awe amekaa parishini mwaka mzima, na nyuki walikuwa na miezi miwili. Tena shahidi sharti atie sahihi. Nyuki walikuwa wametia, lakini kwa asali, na asubuhi sisimizi walikuwa wameshaila. Shauri likaahirishwa.

Wilbroad alikwenda mwenyewe jikoni kumweleza, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee," Nyamizi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Usivunjike moyo. Mioyoni mwetu wewe umo."

"Mioyoni nimo siku nyingi, mzee. Mimi nataka niwemo kitabuni."

Wilbroad alilitafakari jambo hilo kwa dhati. Alipewa kikombe, akanywa, akasifu chai, akaomba kingine.

Jumapili ilipofika, wageni waliombwa kusimama, na Nyamizi akasimama. Nyuki nao wakaondoka kwenye besi wakaja kusimama naye, hewani, kumzunguka. Wilbroad aliwaambia kwa upole kwamba wao sasa ni wenyeji, hawana haja ya kusimama. Hawakuketi. Hawaketi mpaka leo. Kila Jumapili kwaya hukosa besi kwa dakika tatu, na watu wameshazoea.

Kipaza sauti kikamfikia Nyamizi. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akisema anatoka Ipole. Siku hiyo aliwatazama wote, benchi kwa benchi, watu aliowapa chai tangu watoto wao wakibebwa mgongoni.

"Naitwa Nyamizi," alisema. "Natoka hapo jikoni."

Watu walicheka kwa upendo. Kasisi alisema karibu sana, jisikie nyumbani. Yakapigwa makofi matatu, mazito na ya pamoja, na Mzee Wilbroad akafungua daftari la wageni, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Nyamizi, wa Jikoni. Kisha akainua kichwa na kuuliza kama chai iko tayari.

Ilikuwa tayari.