Mtani Anapotaka Kununua Kweli

1.

na ilipopita, hata waliokuwa wanagombana walinyamaza.

Wewe msomaji hukuwapo, kwa hiyo nakwambia. Kwanza ulisikia mlio mwembamba, kama mtu anachana khanga mpya upande wa pili wa mlima. Halafu khanga ikawa ndefu. Halafu haikwisha. Halafu pikipiki ya mbio ya Festo Mhanga, ya bluu, ya zamani, ikakupita imelala kwenye kona, na wewe ukabaki na mkono juu, unausalimia upepo.

Naitwa Skolastika Gama. Muuguzi wa zahanati. Mngoni kati ya Wahehe. Nimeusalimia upepo huo tangu nilipohamia Iringa.

2. TANGAZO, ukutani, dukani mjini

KARIBU MTEJA. Pikipiki mpya za mbio zimewasili. Viti bado vina nailoni. Dhamana ipo. Vipuri vipo. Mteja haruhusiwi kupanda kabla ya kulipa. Mteja haruhusiwi kupanda kwa ajili ya picha. Mteja haruhusiwi

3. Muuza duka, kwa sauti ya kubembeleza mtoto

"Dada, hii inajua yenyewe kama barabara imelowa. Ukikosea, inakurekebisha. Wewe unakaa tu."

"Na nikitaka kukosea?"

"Ah, dada'angu. Nani anataka kukosea?"

4. Skolastika

Kila nilichonunua maishani kilikuwa cha kufaa. Jiko la gesi. Ndoo zenye mifuniko. Bati za nyumba ya mama kule Songea. Viatu vyeupe vya kazini, visivyoteleza. Akiba iliyobaki inatosha kitu kimoja, na safari hii sitaki kitu cha kufaa. Nataka

nataka.

5. TANGAZO LA MSIBA

Ofisi ya Mtaa inasikitika kutangaza kifo cha ndugu Festo Mhanga, kilichotokea kwa maradhi ya figo, *kitandani*.

Neno la mwisho liliongezwa kwa kalamu. Mjane, Vaileti, alitaka ijulikane mtaa mzima: si pikipiki iliyomuua.

6. Kwa msomaji ambaye kwao hakuna utani

Babu zetu na babu za Wahehe walipigana mpaka wakachoka, wakaweka mikuki chini, wakabaki na ndimi. Ndiyo maana Mhehe akifa, Mngoni huingia msibani akicheka. Hulala ndani ya kaburi ambalo halijampata mwenyewe, mpaka atolewe. Humwiga marehemu. Hukamata kitu cha marehemu na kukishikilia, na wenye msiba hukikomboa kwa chochote walicho nacho: kuku, soda, tusi zuri. Na lolote atakalosema mtani siku hiyo halina uzito.

Lolote.

(Hilo ndilo sikulifikiria.)

7. Siku ya maziko, sauti kutoka jikoni

— Nani huyo kavaa helmeti ya marehemu?

— Mngoni wa zahanati.

— Mtazame anavyokohoa! Festo kabisa!

— Sikia: "Vaileti, chai yangu iko wapi, au umempa Mngoni?"

— Mjane kacheka.

— Kacheka?

— Kacheka, jamani. Na machozi yake hajafuta.

8. Zakaria, mdogo wa marehemu

Mimi si mtu mbaya. Nina nyanya kule bondeni, kando ya Ruaha, na pampu yangu imekufa. Injini ya pikipiki ya kaka ina nguvu ya kunywa mto. Tukimaliza matanga, fundi anaishusha, inakwenda kuvuta maji, na mabaki yanakwenda kwa wauza vyuma. Kaka hakuacha mtoto. Shemeji haendeshi. Kitu kikikaa kinaoza. Sasa mnataka kioze kwa heshima?

9. Chini ya turubai

Nilitengenezwa ng'ambo na watu wasiojua kwamba Iringa ipo. Mimi sina kompyuta. Ukikosea, tumekosea wawili.

Huku ndani kuna bluu mbili, ya kwangu na ya turubai, na jua likipanda zinachanganyika hata sijui ninapoishia. Ninaota kona za mlima Kitonga. Katika ndoto mimi nimesimama, ila mlima ndio unaopita. Unapita taratibu na mawe yake, na nyani wake, na malori yaliyopumzika. Mlima unainamisha bega. Mlima unaninong'oneza:

lala.
      lala.
            lala kidogo tena.
                  sasa inuka.

10. Kumaliza matanga. Skolastika

Ndugu wameketi jamvini. Vitu vya marehemu vinagawanywa: koti kwa mjomba, redio kwa shangazi. Fundi wa Zakaria amekaa pembeni na spana zake, anangoja zamu ya pikipiki.

Nikalivuta turubai. Nikapanda, nikashika usukani.

"Nimekamata!"

"Mngoni, shuka! Babu yako alikimbia hapa bila ngao, leo wewe unataka kukimbia na pikipiki?"

"Alikimbia, ndiyo. Babu yenu alikuwa mbele, anamwonyesha njia."

Vicheko. Zakaria akaleta jogoo. "Haya, mtani, chukua. Tumeikomboa mali yetu."

"Sitaki jogoo. Nainunua."

Vicheko.

"Nainunua kweli."

Vicheko mpaka bibi mmoja akashika ubavu.

Nikatoa bahasha ya akiba yangu, iliyokuwa iende dukani, nikamtupia mjomba jamvini. Akachungulia ndani, akapiga yowe: "Jamani! Mngoni kaja na noti alizochora mwenyewe!" Mtu akachuma majani ya mparachichi, akalamba kidole, akanihesabia chenji.

Nilikuwa nasema kweli mahali pekee duniani ambapo kweli yangu

11.

ilikuwa mzaha.

12. Vaileti, mjane

Nilicheka na wenzangu. Halafu nikamtazama miguu.

Anayetania, miguu yake hucheza. Ya Mngoni yule ilikuwa imeshika ardhi, magoti yamebana tangi, kama mtu anayemzuia ng'ombe mgonjwa asianguke. Nikajua: huyu mtoto wa watu anaomba, na sisi tunampa majani.

Nikasema, "Zakaria, mrudishe jogoo bandani."

"Shemeji, huu ni utani."

"Najua. Mtani amekamata. Mimi sikomboi."

13. Jamvini

— Hakomboi?

— Hakomboi.

— Haijapata kutokea. Kitu hukamatwa ili kikombolewe.

— Kisipokombolewa ni cha nani?

— Cha mtani.

— Basi mwakani watakamata nyumba!

— Na wewe wakikukamata, nani atakukomboa?

Hapo, kwa mara ya kwanza siku ile, hakuna aliyecheka. Fundi alianza kufunga spana zake. Vaileti aliinuka, akaichukua bahasha kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama apokeavyo mtu kitu kutoka kwa mtu mzima.

"Majani yalikuwa ya mtani," akaniambia. "Hii naipokea kwa Skolastika."

Kisha akamgeukia Zakaria, akamtilia sehemu ya noti mkononi. "Nenda kanunue pampu inayojua kwamba ni pampu."

14.

Betri ilikuwa imekufa. Bila shaka ilikuwa imekufa.

Tukaisukuma mpaka juu ya mteremko, mimi na Zakaria, ambaye alisukuma kwa bega zima. Mafuta mapya tumetia. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua lolote. Nikiachia klachi ikiwa na kasi, inaweza kuwaka. Inaweza kuwa nimenunua chuma cha bluu, na kule dukani yupo mtu mwenye busara anachana nailoni.

Nikapanda. Pikipiki ikazama kidogo nyuma yangu.

Vaileti. Kavaa helmeti. Khanga kaibana mapajani.

"Mama, sijui kama itawaka."

"Sijakuuliza."

Zakaria akasukuma, akaacha. Tukateremka bila mlio. Magurudumu yalikuwa yanasema na changarawe kwa sauti ya chini. Nyumba zikaanza kupita, na uzio, na nguo za watu kwenye kamba, na mtoto mgongoni kwa mama yake akitugeuzia kichwa polepole, polepole. Upepo ulikuwa mdogo. Ukakua.

Mikono ya mjane ikanizunguka tumbo, ikafungana.

"Ikiwaka," akasema sikioni, "usinirudishe mapema."

Nikaachia klachi.