Neno la Dukani

Sponji hakuwa mtu wa kuogopa neno. Kwenye karakana yake ya makochi alitukanwa na wateja waliochoka kungoja viti vyao, naye akawatukana, wakacheka wote, maisha yakaenda. Lakini neno lililoingia nyumbani kwake mwaka ule halikuwa tusi. Lilikuwa neno la Kiingereza, jepesi, la kila mtu, ambalo hata watangazaji wa redio hulitafuna kama karanga: akchuali.

Mkewe ndiye aliyelileta. Alikuwa ameajiriwa kwenye duka la miwani, kazi yake kuwapokea wateja na kuwachagulia fremu za kuwakaa vizuri usoni. Miezi ya mwanzo alirudi nyumbani na uchovu tu, kama watu wote. Kisha jioni moja Sponji akalalamika kwamba chumvi imezidi kwenye mboga. Mkewe, badala ya kusema "nisamehe" kama siku zote, aliweka kijiko chini, akainamisha shingo upande mmoja.

"Akchuali, mume wangu, chumvi iko sawa. Ni wewe umetoka kunywa chai ya sukari nyingi sasa hivi."

Alilivuta lile neno mwanzoni, aaakchuali, kama mtu anayefungua pazia taratibu. Sponji akaonja tena. Chumvi ilikuwa sawa. Hilo ndilo lililomuudhi.

Tangu hapo neno likawa mpangaji asiyelipa kodi. Akchuali mvua haitanyesha. Akchuali shati hilo lina doa mgongoni. Akchuali mama yako hakusema hivyo, nilikuwepo. Na kila lilipotoka, shingo iliinama upande ule ule. Sponji alikuwa na mwanamke huyu tangu hawana hata kitanda. Alizijua shingo zake zote: ya hasira, ya usingizi, na ile ya kujifanya ameshiba ili watoto wale. Hii hakuwa nayo. Hii alipewa.

Alipewa na nani?

Swali hilo akalipeleka kwa dada yake mkubwa, aliyeuza ndoo na mabeseni mlango wa pili na karakana, na aliyekuwa na majibu ya maswali yote yasiyomhusu.

"Dada, hivi akchuali maana yake nini?"

"Si 'kwa kweli' tu."

"Basi?"

"Basi. Sasa jiulize, mdogo wangu. Mtu akikwambia 'kwa kweli' asubuhi, 'kwa kweli' mchana, 'kwa kweli' jioni, zile siku zote alizokuwa halisemi alikuwa anakwambia nini?" Akalipiga beseni kofi kuondoa vumbi. "Halafu wifi yangu hakuzaliwa nalo. Maneno ni kama chawa. Mtu hapati chawa mpaka aegemeze kichwa mahali."

"Dada, acha hizo."

"Nimeacha. Umeuliza, nimejibu."

Sponji hakutosheka. Kulikuwa na mwalimu mstaafu aliyeleta kiti chake cha kusomea kibadilishwe kitambaa, naye akaulizwa. Mwalimu alifurahi kama mtu aliyerudishiwa darasa lake.

"Inategemea, fundi. Pengine ni kusema 'kumbe sivyo ulivyodhani.' Pengine ni kumsahihisha mtu bila kumvunjia heshima. Pengine ni pumzi tu, mtu anajipa nafasi ya kufikiri. Na wengine huanza nalo wanapotaka kutoa jambo walilokuwa wamelificha."

Katika maana zote hizo Sponji aliondoka na moja tu, ile yenye kificho. Mwenye wivu ukimwekea nyama mezani, yeye atatafuta mfupa umkwame.

Basi haikupita wiki, mwenye duka la miwani akataka kochi la kungojea wateja lifanyiwe ukarabati, na mke wa Sponji akamletea mumewe kazi hiyo kwa furaha. Sponji angeweza kumtuma msukuma mkokoteni peke yake. Hakumtuma. Alioga, akavaa shati lake la harusini, akaenda mwenyewe kuchukua kochi lililochakaa.

Dukani kila ukuta ulikuwa kioo. Alikogeuka alimkuta Sponji mwingine, anayetoka jasho. Mkewe alikuwa nyuma ya meza na trei ya fremu. Kwenye kochi, pembeni kabisa, alikaa mzee mmoja anayengoja miwani yake. Pazia jeusi likafunguka, akatoka mpima macho: koti jeupe, kucha safi, mkononi kitambaa cha kufutia lenzi. Mikono laini kama hajawahi kushika hata koleo.

"Ooh, shemeji! Leo ndiyo tunakuona!"

Sponji alikunja uso. Ushemeji umeanza lini?

"Kochi ndilo hili?"

"Ndilo hili. Wenzangu wanasema springi zimekufa." Mpima macho akainamisha shingo upande mmoja. "Aaakchuali, shemeji, mimi nadhani ni mbao."

Mvuto ule ule. Shingo ile ile. 

Sponji akajishika. Akapiga magoti, akapapasa mito ya kochi kuzunguka alipokaa mzee, kama fundi yeyote. Sasa, huyu bwana alikuwa na majivuno ya kazi yake. Alizoea kusema kwamba kochi ni shahidi: kwamba akilipapasa tu anajua nani nyumbani mnene, nani hulala mbele ya televisheni, na mume na mke gani wamenuniana. Kochi hili lilikuwa la watu watatu. Pembe zake mbili zilikuwa ngumu, karibu mpya. Katikati palikuwa na mashimo mawili, yamebanana, sponji limekuwa chapati.

"Nani hukaa hapa?"

"Wateja," mkewe akasema.

"Wateja wasiojuana hukimbilia pembeni, huyu huku, yule kule. Hapa wamekaa watu wawili, mabega yamegusana, siku nyingi." Akasimama. Sauti ikamponyoka. "Na hilo neno mnalogawana kama pipi, nani alimtia mwenzake mdomoni?"

"Neno gani, shemeji?"

"Usiniite shemeji! Wewe huna dada kwangu!"

Vioo vyote vikaonyesha mtu mmoja anayefoka. Mkewe aliweka trei mezani polepole. Shingo yake haikuinama popote.

"Nimelipata kwake," akasema. "Ndiyo. Kama nilivyopata kwako kupiga mluzi nikipika. Mtu akifanya kazi na watu atatoka na kitu chao. Na hapo katikati wanakaa watu kwa sababu pembe hii inapigwa na jua mpaka kitambaa kinachoma, na pembe ile iko chini ya kiyoyozi kinachovuja. Wanajibana katikati wasiungue wala wasilowe."

Yule mzee wa pembeni akainua mkono wa shati, ukachuruzika.

"Mimi ni mgeni hapa," akasema. "Sikuambiwa."

Mtu mmoja akacheka. Sponji hakujua nani, lakini aliamini ni koti jeupe.

"Chukua kochi, uende," mkewe akasema.

Jioni ile Sponji alisubiri ugomvi. Alikuwa amejiandaa, ana majibu tele. Mkewe alipakua chakula, akakaa, akasema mara moja tu, bila kumwangalia.

"Miaka yote nikikwambia hapana, unanuna mpaka kesho. Pale dukani nikaona mtu anaambiwa fremu aliyoipenda haimfai, na anashukuru. Nikasema, hili nitampelekea baba watoto. Nililileta kwa ajili yako." Akasukuma bakuli upande wake. "Sitalileta tena."

Hakulileta. Wala hakuleta kingine.

Siku ya kwanza Sponji alijiona ameshinda. Ya pili akasema chumvi imezidi, akaambiwa "nisamehe." Haikuwa imezidi. Ya tatu akaanza kumtega. Akasema shati lenye doa ni safi, akaambiwa ndiyo. Jumatano akasema kesho ni Jumapili; akaambiwa sawa. Kila alichosukuma kilifunguka bila kelele, na ndani hamkuwa na mtu.

"Umeona?" dada yake akamwambia, kiburi kimemjaa. "Amenyooka."

"Amenyooka kama maiti, dada. Uza mabeseni yako."

Usiku wala mchana hakuweza kujizuia kuwaza: haya anayoninyima, si anayasema kule? Yule wa kucha safi anafungua pazia lake asubuhi, anaambiwa koti lako limekunjamana, anaambiwa leo umechelewa, anabishiwa, anachekwa. Mimi nyumbani naambiwa sawa. Zamani alimwonea yule bwana wivu kwa kitu asichokuwa nacho. Sasa alimwonea kwa kitu alichokuwa nacho kweli, na Sponji mwenyewe ndiye aliyempa chote.

Ndipo akafanya jambo la ajabu. Mwenye duka alikuwa amechagua kitambaa cha kijivu. Sponji akakiweka kando, akatoa kwenye mabaki kitambaa cha maua makubwa, zambarau na manjano, ambacho mteja mmoja alikikataa akiwa mlevi na akakikataa tena alipolevuka. Akakipigilia kwenye kochi kwa ufundi wake wote, kona zimenyooka, mshono hauonekani. Halafu akamwita mkewe karakanani.

"Unalionaje?"

"Zuri."

"Hebu liangalie vizuri, mama."

"Nimeliangalia. Zuri." Akaondoka na mkoba wake kwenda kazini.

Sponji akalipakia mkokotenini, akalifuata duka.

Alipofika, mlango ulikuwa wazi. Mkewe alikuwa amemwinamia bibi kizee asiye na meno, aliyejivika fremu nyekundu.

"Aaakchuali, bibi yangu, hiyo inakuzeesha. Inakufanya bundi. Hebu tujaribu hii."

"Mjukuu wangu, Mungu akubariki," bibi akasema, akicheka kwa ufizi. "Nyumbani wote waliniambia imenipendeza."

Sponji akasimama mlangoni, anamwonea wivu kikongwe. Mtu aliyeingia kutoka barabarani tu, hajawahi kumnunulia mwanamke yule hata kanga, na alikuwa anaambiwa ukweli bure, kwa upole, na mkono begani.

Akaingiza kochi. Duka zima likageukia yale maua. Akaliweka mahali pake, akakaa juu yake, pembeni, chini ya kiyoyozi, akangoja zamu yake. Maji yakamdondokea begani, asisogee. Bibi akahudumiwa. Mwingine akahudumiwa. Mwishowe mkewe akaja mbele yake.

"Unataka nini?"

"Nimekuja kama wateja wengine. Nataka kuulizia hili kochi."

Mkewe akaliangalia bega lake lililolowa.

"Unataka jibu la nyumbani au la dukani?"

Pazia jeusi lilikuwa limefunguliwa kidogo, na koti jeupe lilikuwa pale, linasikiliza. Sponji aliliona. Akasaga meno. Angependa sana pazia lile lishonwe kwa uzi wa makochi.

"La dukani," akasema.

Mkewe akavuta pumzi. Shingo ikakawia kidogo, kisha ikainama.

"Aaakchuali, mume wangu, hili ni kochi baya kuliko makochi yote uliyowahi kutengeneza. Mtu mwenye macho mabovu akilikalia atapofuka kabisa. Hayo maua ni ya nini? Na kijivu cha mwenye duka umekipeleka wapi? Ulidhani sitaona?"

Bibi kizee aliangua kicheko. Nyuma ya pazia mpima macho naye akacheka, na kicheko kile kikamchoma Sponji kama msumari uliopinda. Yule anasikia haya kila siku, akawaza, kila siku ya Mungu.

Akajifuta maji begani, akajiweka sawa kochini.

"Na mgongoni?" akauliza. "Mgongoni hujasema. Endelea."