Goli Lililokaa Towelo

Jumapili saa kumi jioni Gabrieli alikuwa nyuma ya kota yake akichambua mchele kwenye ungo, maana tangu mkewe Yuliana afariki hakuwa na wa kumchambulia. Alitoa mawe, akatoa chuya, na alipofika katikati ya ungo goli likashuka kutoka mlimani.

Jirani akapunguza redio. Kelele zilitokea juu kwa wakulima wa Towelo, zikapita migombani na juu ya mabati, zikafika kota za kiwanda zikiwa bado na vumbi la uwanjani. Wanaume walitangulia kwa mngurumo mmoja, yakafuata matarumbeta, na mwishoni kabisa, wengine wakiwa wameshatulia, vikaja vigelegele vya mwanamke mmoja. Gabrieli alisimamisha mikono mpaka vikaisha. Kisha akaendelea na mchele.

Mlima wa Uluguru ulikuwa na tabia hiyo tangu timu ya Blanketi ianzishwe. Ulishika kelele za ushindi na kuzirudisha kila Jumapili saa ya mechi. Sare haukushika, na kufungwa ndiyo kabisa. Kelele za zamani zilikuwa zimechoka, unazisikia kama mtu anakohoa nyumba ya tatu, lakini wenyewe walizijua. Ile ni ya mwaka tuliowafunga Tanga kwa kichwa. Ile ni ya mwaka mvua iliponyesha goli moja tu na letu likawa kavu.

Enzi hizo kiwanda cha mablanketi kilipiga king'ora alfajiri na mji mzima ukaamka. Wachezaji walikuwa wafanyakazi. Kipa alikuwa fundi wa rangi, na ukimpa mkono Jumatatu unajua wiki hiyo tunatoa blanketi jekundu au la kijani. Timu ikisafiri ilipanda lori la kiwanda na kulala juu ya marobota, na hakuna mchezaji aliyelalamika mgongo. Mtoto wa mfanyakazi akizaliwa, alipewa blanketi kabla hajapewa jina. Gabrieli alitoka Kasulu kuja kushika mashine ya kufuma, akamuoa Yuliana, binti wa Towelo, na akaamini hiyo ndiyo dunia, kwamba imeshatengenezwa na sasa inatunzwa.

Halafu wakubwa wakasema soko huria. Mablanketi ya mitumba yakaingia kwa makontena, na ya Morogoro yakalala stoo. Meneja akauza lori, akauza matarumbeta, akauza na nyasi za uwanja kwa mtu mwenye ng'ombe, halafu akahamishiwa Dar kwenye cheo kikubwa zaidi. Mishahara ikakatika. Hapo ndipo Yuliana, ambaye miaka yote hakuwahi kukanyaga uwanjani, alipoanza kwenda kuuza karanga za kuchemsha karibu na kibendera cha kona. Mwaka ule Blanketi ilishinda mechi moja tu, na matarumbeta yalikuwa ya kuazima kanisani. Yuliana alipiga vigelegele siku hiyo. Kipupwe kilipofika akaugua, na hospitali ikawa imeanza kuwaambia wagonjwa waje na sindano zao na dawa zao. Gabrieli alipata sindano. Dawa alikuwa bado anaitafuta.

Kwa hiyo sauti ya mkewe ilikuwa kwenye goli hilo moja. Za nyuma zote hazikuwa naye.

Mwezi wa tisa akaja Ndugu Oscar kutoka kamati ya ligi, na vijana wake wanne na gari dogo la mizigo. Alikuwa mtu mpole, shati limepigwa pasi. Alisimama uwanjani akatangaza kwamba klabu ya Blanketi imefilisika, haijalipa wachezaji wala hoteli, na kwa kanuni mpya inakatwa pointi tatu, za ile mechi moja iliyoshinda. Kisha akauliza njia ya kwenda Towelo.

Gabrieli akamfuata mpaka kwenye gari.

"Shikamoo, mzee," Oscar akasema.

"Marahaba. Pointi si ziko huko kwenu Dar, kwenye msimamo? Huku mlimani mnafuata nini?"

"Kelele, mzee. Tukikata pointi tukawaachia kelele, mtaendelea kusema mlishinda."

"Kwani hatukushinda?"

"Mlishinda na wachezaji ambao hamkuwalipa. Wenzenu wameuza mpaka basi lao ili walipe wa kwao, sasa wanatembea. Leo wakae sawa na nyinyi kwenye ligi? Ni haki hiyo?"

Gabrieli akafikiri. Lilikuwa swali zuri, na hilo ndilo lililomuudhi.

"Si haki," akasema. "Lakini aliyekula ni meneja. Mkateni yeye."

"Meneja hana pointi, mzee."

Walipanda wote, Oscar mbele, Gabrieli nyuma akihema. Goli lilikuwa limekaa kwenye korongo kati ya matuta ya kabichi, katika shamba la ukoo wa Yuliana. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na kinachokaa juu ya ardhi hufuata ardhi. Mwenye kauli pale alikuwa Mzee Bonifasi, mjomba wa marehemu. Gabrieli alikuwa mume tu, tena mume wa kutoka Kasulu. Magdalena, mdogo wake Yuliana, aliwaona akaacha kupalilia.

"Shemeji, umewaleta wewe hawa?"

"Wamejileta wenyewe."

"Na wewe ulivyo mkali, umeshindwa kuwapoteza njia?"

Oscar akaamkia vizuri, akaeleza shida yake, akaomba ruhusa. Gabrieli akapiga goti mbele ya mjomba, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya posa.

"Mjomba, nisaidie. Wachukue kelele za wanaume wote. Hivyo vigelegele waviache."

Mzee Bonifasi akamtazama Oscar, akatazama vijana. Mikononi walikuwa na mablanketi mapya kabisa, waliyoyakamata stoo kufidia deni.

"Hayo mtayafanyia nini mkimaliza?"

"Mawili yanaweza kubaki," Oscar akasema.

"Huku juu baridi, mkwe," Mzee Bonifasi akamwambia Gabrieli kwa upole, akaenda kukaa.

Jumapili saa kumi vijana wakasimama juu ya tuta wametanua mablanketi, kama watu wanaomsubiri mtu aruke kutoka darini. Gabrieli aliyatambua. Pindo lile lilikuwa la mashine yake. Goli likatoka korongoni, likaingia katikati, blanketi la kwanza likavimba. Wakakunja, wakafunga kwa kamba ya katani, wakatanua la pili kwa matarumbeta. Sauti ya mtu mmoja ikaponyoka pembeni ikisema "Toa pasi, mchoyo we!" na kijana akaidaka kwa kofia.

Pakawa kimya. Vijana wakaanza kukunja lililobaki.

"Bado," Oscar akasema, mkono juu. "Kuna mama mmoja mwishoni."

Jumapili iliyotangulia Oscar alikuwa amelala mjini, na alisikiliza kwa makini. Alikuwa mtu anayefanya kazi yake vizuri. Vigelegele vikaja, vikaingia kwenye blanketi la kijani, vikafungwa mafundo mawili. Mzigo wote haukuzidi uzito wa mbuzi. Walishuka nao kabla ya giza, na mablanketi mawili yakabaki kwa Mzee Bonifasi, ambaye alisema ni mazito, si kama haya ya siku hizi.

Blanketi ikashuka daraja. Mwekezaji akanunua uwanja akapanda mahindi. Yule meneja aliteuliwa kwenye kamati ya ligi, upande wa madeni, kwa sababu ya uzoefu.

Lakini kabla ya hayo, Jumapili iliyofuata tu baada ya kelele kuchukuliwa, Magdalena alituma mtu kumwita Gabrieli apande haraka. Saa kumi ilipofika korongo halikuwa na mngurumo. Badala yake, sauti ya kawaida tu, ya mtu aliyeupa uwanja mgongo akipimia wateja karanga, ikauliza:

"Letu hilo?"

Siku zote ilikuwa imefunikwa na kelele za wanaume. Yuliana hakuwahi kuliona goli. Aliuliza kwanza, akajibiwa, ndipo akapiga vigelegele. Oscar alipopigiwa simu alisema swali halina pointi, libaki.

Siku ile Gabrieli alimweleza mkewe yote, kiwanda, meneja, kanuni, mjomba na mablanketi yake. Jumapili ya pili sauti ikauliza vilevile, naye akaeleza tena, kwa hasira zaidi.

"Shemeji," Magdalena akasema, "dada hakuuliza habari ya serikali. Kauliza goli. Mjibu, ana wateja."

Jumapili ya tatu swali likaja. Gabrieli akavua kofia.

"Letu, mama," akasema.

Akasubiri. Magdalena naye akaegemea jembe, akasubiri. Muda wa vigelegele ukapita taratibu, kwa urefu wake uleule, bila kitu ndani.

"Haya, shuka, shemeji," Magdalena akasema. "Ukungu unaingia, na njia inateleza."