Namba ya Pacha

Daktari wa meno alikuwa mwenye gari wa nne, na kama wengi wanaopata kitu cha thamani uzeeni, hakutulia mpaka alipokiandikia kitabu. Kurasa thelathini, na picha. Gari la mashindano la kiti kimoja, jembamba hata mtu mnene asingeingia bila kupakwa mafuta. Mbio tisa, ushindi mara mbili, mmoja wa kombe kubwa la mwaka ule. Mwenyewe wa kwanza alikuwa tajiri wa timu. Wa pili, mwenye kiwanda cha sabuni, aliliweka sebuleni mpaka mkewe akamwambia achague moja. Wa tatu alikuwa mkuu wa chuo, ambaye kuku wake walilala kwenye kiti cha bingwa miaka kumi na moja bila kujua heshima waliyopewa.

Kilichobaki ni sahihi ya fundi, kuthibitisha kwamba gari ni lenyewe. Aliyelihudumia tangu linaundwa alikuwa bado hai, na ndiyo maana asubuhi hiyo alikuwa amekaa katika gereji iliyo nyuma ya kliniki ya daktari, kalamu mkononi, jasho linamtiririka na feni inazunguka. Kando yake alikaa Mshale.

Mshale ndiye aliyekuwa dereva. Jina alipewa na watazamaji, likamng'ang'ania hata baada ya mbio kumshinda, na majirani walilitamka kwa kicheko, kwani miaka yote iliyofuata alifundisha watu udereva mjini, mwendo wa kobe, mguu wake tayari kwenye breki ya mwalimu.

"Nisomee ukurasa wa mwisho, daktari," Mshale alisema. "Miwani nimeisahau nyumbani."

Daktari akasoma kwa sauti ya mtu anayependa alichoandika. "'Baada ya ajali ya mazoezini gari lilitengenezwa, likawa zima kabisa. Lakini dereva alikuwa amepoteza ujasiri. Alishindana mara tatu tena, akashika mkia zote, akaacha.'" Akakohoa. "Kama neno linauma, mzee wangu, nalitoa."

"Liache. Si ndiyo kweli yenyewe?"

Haikuwa kweli, na fundi alijua. Gari lililoshinda kombe halikupona ajali ile. Chasi, kiunzi chake cha chuma, ilipinda isinyooke tena. Tajiri naye alikuwa keshapata mnunuzi wa kulichukua mwisho wa msimu, na mnunuzi alitaka gari la ushindi, si jingine. Timu ilikuwa na la pili, pacha wake kwa sura. Tajiri akamwagiza fundi ang'oe kibao cha namba ya chasi kwenye lililovunjika akigongomee kwenye pacha. Ribiti nne, dakika ishirini. Mshale alikuwa hospitali, mguu kwenye plasta.

Fundi alijitetea kwa hesabu ya mafundi. Injini alihamisha ileile, giaboksi ileile, magurudumu matatu yaleyale. Na katika kazi ile gari ni namba yake, mengine yote hubadilishwa kila wiki. Hesabu ilitimia vizuri, ila ilimsahau anayekaa ndani. Pacha yule alikuwa na tabia mbaya tangu siku ya kwanza: kwenye kona za kushoto nyuma yake iliteleza bila taarifa. Mshale aliporudi na kuyaona hayo, alimfuata fundi akamwuliza kabadilisha nini. Fundi akamwambia hajabadilisha hata nati moja.

Kumdanganya mnunuzi alikuona ni biashara ya tajiri. Uongo uliomtafuna ni ule wa nati. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa imekwenda miaka thelathini na minane bila kuishiwa mafuta. Akimwona Mshale barabarani, alivuka upande wa pili. Mke wa Mshale alipofariki, fundi alikaa nyuma kabisa msibani na kuondoka kabla ya kushikana mikono. Aibu ilikuwa imemfanya mkimbizi katika mji wake mwenyewe.

Akaweka kalamu chini.

"Siwezi kutia sahihi," alisema. "Hili si gari lake."

Akaeleza yote, macho yakiwa sakafuni. Daktari akageukia gari lake, akarudi kwenye kitabu chake. "Sasa mimi nina gari la nani?" akauliza.

Mshale akamgeukia fundi. "Langu liko wapi?"

"Nililikata. Tajiri hakutaka lionekane."

"Kwa msumeno?"

"Kwa msumeno. Siku mbili. Vipande vikaenda kwenye vyuma chakavu."

"Na kule kuteleza?"

"Lilikuwa gari. Hukuwa wewe, kaka. Hata siku moja hukuwa wewe."

Fundi alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi, na angelipokea kwa shukrani. Mshale hakumwinulia mkono.

"Mwanangu wa kwanza alitaka mbio," alisema. "Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Nikamkatalia. Nikamwambia woga wetu uko kwenye damu, siku moja ungemwua. Yuko posta, anagonga mihuri barua za watu. Mwaka wa ishirini na mbili huu."

"Mshale, nisamehe."

"Mimi na wewe tutazungumza. Yeye je?" Akatoa simu mfukoni, akaisogeza karibu na jicho, akabonyeza, akamtia fundi mkononi. "Mwambie wewe. Mimi nitaanzia wapi?"

Simu ikaita. Fundi alitamani iendelee kuita mpaka jioni. Ikapokelewa, na nyuma ya sauti kukasikika muhuri ukigonga, mara moja, mara mbili, kisha ukanyamaza.

"Shikamoo, baba," kijana wa zamani alisema kwa furaha.

Ilikuwa zamu ya fundi kuitikia. Amezaa, amezeeka, ameamkiwa na watoto wa mji mzima bila kufikiri mara mbili. Neno lenyewe ni moja tu, na asubuhi hiyo alishindwa kulisema.